Maneno ya Syokau

Jumamosi ile watu walilipa shilingi ishirini kuingia katika banda la video la Kagiri pale mtaani Lindi, na kufikia saa nane mchana mabenchi yote yalikuwa yamejaa. Wengine walisimama mlangoni wakichungulia juu ya mabega ya wenzao. Hakukuwa na mpira siku hiyo, wala filamu ya kupigana. Kilichoonyeshwa ni kichekesho cha zamani cha Kihindi, cha picha nyeusi na nyeupe, ambacho Kagiri alikinunua kwenye flashi akidhani ni cha vita. Kilihusu karani mmoja aliyemdanganya bosi wake, mwanamke tajiri, kwamba hana mke, kwa kuwa ofisi ile ilitaka vijana wasio na familia. Mke wake naye, bila kujua, akaomba kazi katika ofisi ileile, akaipata.

Hakuna aliyejua Kihindi mle bandani, hata DJ mwenyewe. DJ alikuwa Muia, mwanamume wa miaka thelathini na minne, kibarua wa mjengo siku za wiki. Wikendi aliketi kando ya televisheni na maiki mkononi, akawapa watu wa kwenye kioo maneno ya Kiswahili. Filamu za kupigana hazikumsumbua, "Leo utanitambua!" ilitosha dakika tano. Lakini hii ilikuwa ya watu kukaa mezani wakiongea, wakaongea tena, na wiki ya kwanza maneno yalimwishia katikati, watu wakapiga miluzi wakidai pesa zao. Wiki ya pili, Jumamosi hiyo, Muia alifanya jambo ambalo hakulifikiria mara mbili. Aliwapa maneno ya mke wake.

"Mwanaume mzima unaogopa panya!" mke wa karani alifoka kwenye kioo, kwa sauti nyembamba ya Muia. "Jana umepanda kitanda ukaniacha chini na mtoto. Nikuitie askari?"

Banda likapasuka. Mzee mmoja wa benchi la nyuma alicheka mpaka akakohoa. Muia akasikia kicheko kile kikimpanda mwilini kama joto la uji wa asubuhi, akaendelea. Bosi tajiri alipoingia ofisini na sari yake, Muia akampa maneno ya mwanamke mwingine, Mildred, mwenye karakana ya kushona yunifomu kule Kawangware. Syokau, mke wa Muia, alifanya kazi kwa Mildred. Muia hakuwahi kumwona mama huyo. Alimjua kwa yale tu aliyosimuliwa na Syokau wakila.

"Uzi haioti kwa shamba!" bosi alisema. "Na ukienda choo, enda na sababu! Mnafikiria niko na pesa? Ni bwana yangu ananisaidia. Ako Qatar, kila mwezi anatuma."

Katika picha, mke wa karani alikuwa ameinama tu kutafuta kalamu. Muia akamfanya ainame kunong'ona.

"Qatar gani? Ako hapo Kayole na bibi mwingine. Hata mtoto wa pili ameshaanza kutembea."

Walicheka hadi mabati yakalia. Kijana wa mbele alikuwa ameinua simu, anarekodi. Na onyesho lilipokwisha Kagiri, aliyezoea kumlipa Muia mia tano, alimhesabia mia nane.

"Maze, hiyo maneno unatoa wapi?" Kagiri aliuliza.

"Kwa kichwa tu," Muia alisema.

Alipitia kwa muuza nyama akachukua nusu kilo. Syokau alifurahi sana, akakaanga na kitunguu kingi, na walipokuwa wakila aliuliza ni filamu gani imelipa hivyo.

"Ya mapenzi," Muia alijibu, akimwongezea mtoto wao Kasiva mchuzi.

*

Jumatano, saa ya chakula, wanawake watano wa karakana walikuwa wameketi juu ya marobota ya vitambaa wakila githeri. Karakana yenyewe ilikuwa chumba kirefu cha mabati, na nyuma yake kastoo kadogo. Ilikuwa Januari, msimu wa yunifomu, na kila ukuta ulikuwa umening'inizwa sketi za kijani. Eddah, mdogo wao kwa umri, aliegemeza simu yake kwenye kibuyu cha maji.

"Oneni hii kitu. Imetumwa kwa group ya chama. Mimi nimecheka hadi nikalia."

Syokau alisikia neno la kwanza na githeri ikasimama mdomoni. Sauti ile ilimwamsha kila asubuhi. Hata ikijifanya nyembamba, hata ikipita kwenye simu ya mtu, aliijua.

"Mwanaume mzima unaogopa panya!"

Wenzake walicheka. Mmoja alisema huyo mama wa sinema amemaliza, hata yeye bwana yake ni hivyohivyo.

"Zima hiyo, Eddah," Syokau alisema.

"Ngoja! Ngoja bosi aingie, ndio utaskia vituko."

Bosi akaingia. "Uzi haioti kwa shamba!"

Kicheko kikapungua. Wanawake walitazamana. Maneno yale walikuwa wameambiwa asubuhi hiyohiyo, kwa mpangilio uleule, na kuhusu choo pia. Kisha ikaja ile ya Qatar, ikaja ya Kayole, na hapo hakuna aliyecheka, kwa sababu Mildred alikuwa amesimama kwenye mlango wa stoo, na fungu la zipu mkononi.

Alikuwa mama wa miaka arobaini na mitano, mpana wa mabega, ambaye sauti yake kwa kawaida ilifika barabarani. Sasa aliongea polepole.

"Rudisha nyuma."

"Madam, ni ujinga tu ya mtandao," Eddah alisema.

"Nimesema rudisha."

Alisikiliza mara mbili, amesimama. Kilichomuuma si kuchekwa. Aliajiri watu, alijua kwamba bosi huchekwa. Lakini habari ya Kayole alikuwa amemwambia mtu mmoja tu duniani. Hata dada yake wa tumbo moja hakujua. Ilikuwa mwezi wa kumi, walipobaki wawili kumaliza sweta za shule fulani. Mildred alimpigia mumewe simu na mtoto mdogo akaipokea, akauliza, "Unataka baba?" Siku ile Mildred alilia juu ya sweta, na Syokau akamshika mkono mpaka akanyamaza.

"Syokau," alisema, "bwana yako anafanya kazi gani?"

"Mjengo, Madam."

"Na wikendi?"

Cherehani hazikuwa zikizunguka, na nje mtu alikuwa anauza mayai kwa kipaza sauti.

"Wikendi, Syokau."

"Anatafsiri sinema."

Mildred aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei aliyoitarajia.

"Maliza hiyo chakula. Kutupa chakula ni dhambi. Halafu utoe eproni."

Alimlipa siku zake tatu mbele ya wote, na Jumatano hiyo akaihesabu nzima ingawa ilikuwa saa saba tu. Angemtukana, Syokau angepata la kujibu. Lakini pesa ile kamili, iliyowekwa mkononi mwake bila neno, ilimfanya ashindwe hata kuaga. Wenzake waliinamia cherehani zao na kuzikanyaga kwa nguvu, ili kila mmoja aonekane hakuona.

*

Alitembea kutoka Kawangware, akavuka Ngong Road na kushuka hadi Lindi, na jua lilikuwa bado kali alipofika. Siku hiyo mjengo ulikuwa umekosa simiti na Muia alikuwa nyumbani, anafua.

"Mbona mapema? Uko mgonjwa?"

"Hebu ongea kama Madam," Syokau alisema.

Muia alianza kucheka. Halafu alimwona uso.

"Nani amekuambia?"

"Hakuna mtu ameniambia. Nimeskia wewe mwenyewe, kwa simu ya Eddah. Madam pia ameskia. Nimefutwa."

Muia aliacha shati ndani ya maji.

"Lakini sikutaja jina ya mtu."

"Ulitaja Qatar. Ulitaja Kayole. Ulitaja hadi mtoto. Jina ya nini tena?"

"Sasa ningejua aje itafika Kawangware? Ilikuwa ya watu wa hapa tu."

"Watu wako na simu, Baba Kasiva!"

Jirani aliyekuwa anaanika nguo upande wa pili alianza kuanika polepole zaidi. Syokau aliingia ndani na Muia akamfuata, mikono inatiririka povu.

"Ile nyama ya Jumamosi," Syokau alisema. "Ilinunuliwa na hiyo?"

Muia alijipangusa povu kwenye suruali.

"Kwa hivyo tulikula Madam. Mimi ndio nilimkaangia kitunguu."

"Mama Kasiva, walikuwa wanataka pesa yao. Wiki ya kwanza walinipigia miluzi. Filamu ni ya kuongea tu, na mimi sina maneno ya wanawake. Zenye niko nazo ni zako."

"Na ukaona uzichukue."

"Niliona ni kama... ni zetu."

Syokau alikaa kitandani. Hasira yake ilikuwa na kitu kingine chini yake, na kitu hicho hakikumhusu Muia. Mildred alimwambia yeye, naye akamwambia Muia. Hakumwambia kwa ubaya, alimwambia kwa huruma, walipokuwa wamelala, lakini alimwambia.

"Mwizi si wewe peke yako," alisema mwishowe. "Lakini mimi nilitoa nje ya nyumba yake nikaleta ndani ya nyumba yangu. Wewe ukaipeleka soko. Utaenda kwake. Utasimama mbele yake na hiyo sauti yako umwambie pole."

"Akiita polisi je?"

"Nitakuletea chai huko."

Kisha akavua viatu. "Na mimi, kutoka leo, sikuambii kitu. Ukitaka kujua siku yangu ilikuwa aje, uliza redio."

Alishika neno lake. Alhamisi nzima Muia alipata maneno mawili tu: "chumvi" na "songa".

*

Ijumaa asubuhi Muia alimwomba msimamizi wa mjengo ruhusa ya masaa mawili, akaenda Kawangware na nguo zake za kazi na mkoba wake wa zana begani. Njiani alipanga maneno. Madam, mimi ni mume wa Syokau. Madam, nimekosa. Alikuwa amefika mlangoni pa karakana na bado anayapanga, Mildred alipomwona.

"Ni saa hii unafika? Nimekungoja tangu saa mbili! Overlock imekufa na niko na sketi arobaini za gredi ya saba. Ingia, ingia!"

Alimdhania ni fundi wa cherehani aliyemwita kutoka Riruta. Muia akafungua mdomo kumrekebisha. Mle ndani wanawake wanne waliinua vichwa kumtazama, na hapo ndipo alipokumbuka kwamba neno lolote atakalotoa, hao wanne, walioisikia sauti yake kwenye simu, watalijua ni la nani. Akafunga mdomo. Akaitikia kwa kichwa.

"Huongei?" Mildred aliuliza.

Muia akatikisa kichwa.

"Woi, ni bubu! Na hakuna mtu aliniambia." Mildred akamsogelea, akaongea kwa sauti ya juu, neno moja moja, akionyesha kwa mikono. "MASHINI. IMEKATAA. KUSHONA."

"Madam, bubu anaskia," Eddah alisema. "Kiziwi ndio haskii."

Muia alipiga magoti mbele ya overlock, ile cherehani ya kufunga kingo za vitambaa. Hakuwa amewahi kugusa mashine ya namna hiyo maishani. Akatoa bisibisi, kwa kuwa alikuwa nayo, akafungua skrubu moja, kwa kuwa ilikuwa mbele yake. Chini yake kulikuwa na nyingine. Baada ya nusu saa skrubu kumi na moja zilikuwa zimepangwa juu ya gazeti sakafuni, pamoja na chemchemi mbili na kipande cha chuma ambacho hakujua kilitoka upande gani.

Mildred alimletea chai. Ilikuwa ya maziwa mengi, na mandazi mawili juu ya kisahani.

"Kunywa kwanza, ndugu. Hujakula, naona."

Alivuta kiti akaketi karibu naye, akaanza kuondoa nyuzi kwenye pindo za sketi. Wengine walikuwa wanakanyaga cherehani, na kelele hiyo ilimfanya aone kama wako wawili tu. Watu humwambia asiyeweza kujibu mambo ambayo hawamwambii padri.

"Afadhali wewe," alisema. "Hii midomo ya watu imenimaliza. Nilikuwa na fundi mzuri hapa, nimefukuza. Mkono wake ulikuwa safi, hakuna mwenye anaweza kushika pindo kama yeye. Na nilimpenda, unajua? Sasa hata usingizi sina. Kuna jambo sijaambia mtu, ndugu yangu. Huyo mzee wangu, juzi alipiga simu akaniambia..."

Muia alikuwa na mandazi mdomoni. Aliona maneno yanakuja, aliona yatakavyoingia masikioni mwake na kukaa humo, na akajua hawezi kuyapokea huku ameshika kikombe cha chai cha mwanamke huyu.

"Madam, usiniambie," alisema.

Cherehani zote nne zilisimama.

"Ghai!" Eddah alipiga kelele. "Ni yeye! Ni DJ!"

Mildred hakuinuka. Alimtazama Muia, akatazama skrubu kwenye gazeti, akamtazama tena.

"Wewe ndio bwana ya Syokau."

"Ni mimi, Madam. Nilikuja kukuomba msamaha, ukanipatia kazi kabla sijaongea." Alikuwa bado amepiga magoti na akaona ni vizuri abaki hivyo. "Nilichukua mambo yako nikafanya mchezo. Sikukujua. Nilikuwa nakuona kama mtu wa sinema tu. Syokau hakunituma nitangaze. Aliniambia akiwa amekuhurumia. Makosa ni yangu, na kama kuna mtu wa kufukuza nifukuze mimi."

"Wewe sijakuandika. Nitakufukuza aje?"

Mlango ukabishwa. Mwanamume mmoja mfupi mwenye kikasha cha chuma aliingia, akajitambulisha kuwa ni Nalianya, fundi, na kwamba amechelewa kidogo. Halafu akaona sakafu.

"Yesu! Nani amefungua mashini ya watu hivi?"

Mildred alikuwa anamtazama Muia.

"Nikuulize kitu," alisema. "Hiyo siku walicheka. Walicheka bwana yangu, ama walinicheka mimi?"

Muia angeweza kudanganya.

"Walikucheka wewe, Madam."

"Mimi ndio nimeachwa, na mimi tena ndio nachekwa." Aliinuka, akakung'uta nyuzi kwenye eproni. "Mtaonyesha tena Jumapili?"

"Saa nane."

"Nitakuja. Utaongea kama mimi, nikiwa nimekaa hapo mbele yako. Nataka nione kama utaweza. Sasa ondoka, huyu fundi afanye kazi. Na chai, maliza."

*

"Ulifungua overlock?" Syokau aliuliza Muia alipomsimulia. Lilikuwa swali la kwanza baada ya siku mbili.

"Skrubu kumi na moja."

Syokau aligeukia ukuta, lakini mabega yalikuwa yanatikisika. Alipogeuka tena uso ulikuwa umekauka.

"Nisaidie, Mama Kasiva. Nitasema nini huko Jumapili?"

"Si unatoanga kwa kichwa?"

Hata hivyo, Jumapili baada ya kanisa alimwacha Kasiva kwa jirani, akaenda bandani. Alijiambia kwamba haendi kwa ajili ya Muia. Aliona si haki Mildred akakae peke yake katikati ya wanaume wale.

Klipu ilikuwa imezunguka, na watu walikuwa wengi kuliko juma lililopita. Mildred alifika na Eddah, amevaa kitenge chake cha kanisani na kilemba. Akalipa kama kila mtu na kuketi benchi la mbele kabisa. Kagiri hakumjua. Alimwambia tu, "Karibu, mathe, leo utacheka."

Muia alianza vizuri. Karani alidanganya, mke akaandikwa kazi, mume akajificha chini ya meza asionekane na mkewe. Watu walicheka. Kisha bosi akaingia na sari yake, mdomo wake ukaanza kwenda, na Muia akashika maiki na hakutoa sauti. Alimwona Mildred hatua mbili mbele yake, mikono imekunjwa juu ya mkoba. Kila neno alilokuwa nalo lilikuwa la kuibiwa.

"DJ amelala!" mtu alipiga kelele.

"Lete Qatar!"

Banda zima likachukua: "Qatar! Qatar! Qatar!" Walipiga mabenchi kwa viganja. Mgongo wa Mildred ulikuwa umenyooka kama ubao wa kupigia pasi, na Eddah kando yake alikuwa amefunika uso.

Syokau aliinuka. Alipita mbele ya magoti ya watu, akasimama karibu na mumewe, lakini alimtazama Mildred kwanza. Mildred alimtazama pia, kwa muda, kisha akainamisha kichwa mara moja. Ndipo Syokau akachukua maiki.

Kwenye kioo bosi alikuwa amebaki peke yake ofisini, wafanyakazi wameondoka, anavua miwani na kuivaa tena.

"Mnataka Qatar?" bosi alisema, na kwa mara ya kwanza mle bandani mwanamke wa kwenye kioo alikuwa na sauti ya mwanamke. "Haya, ngojeni niwaambie. Nilisema ako Qatar kwa sababu mngeniuliza. Ukiwa mwanamke na uko na kazi yako, umeandika watu, halafu wajue mzee ametoroka, hata mwenye anakuuzia vifungo anapandisha bei. Landlord anaanza kukaa kwa kiti bila kuambiwa karibu. Kwa hivyo nikamweka Qatar. Ako mbali, ako busy, hakuna mtu atamtafuta huko. Yeye hakunisaidia na kitu. Lakini hiyo jina ya Qatar ilinilindia mlango miaka mbili."

Kelele zilikuwa zimeisha. Mwanamke mmoja wa nyuma alisema, "Ni ukweli," si kwa sauti kubwa.

Syokau hakugusa habari ya simu wala ya mtoto aliyeipokea.

Mlango wa ofisi ulifunguka kwenye kioo na mwanamume mnene akaingia na shada la maua, anatabasamu. Katika filamu pengine alikuwa mteja, au kaka. Muia alisogeza mdomo kwenye maiki iliyokuwa mkononi mwa mkewe, akatoa sauti nzito ya mtu mwenye tumbo.

"Mpenzi! Nimerudi kutoka Qatar!"

Syokau hakungoja hata nukta.

"Umetoka Qatar na matope ya Kayole kwa kiatu?"

Banda likalipuka. Mwanamume mnene akatoa maua mbele.

"Nimekuletea zawadi ya ng'ambo, mpenzi."

"Hiyo maua nimeiona asubuhi kwa kaburi ya mtu. Na mbona jua ya huko haikukuchoma? Ama Waarabu walikushikia mwavuli?"

"Ndege ilichelewa..."

"Miaka mbili? Ilikuwa inasukumwa na mkono?"

Sasa walicheka wanawake zaidi, wale wa nyuma na wale wa mlangoni, na wanaume walicheka wakitazamana kwa pembe za macho. Mzee aliyekohoa juma lililopita alikohoa tena. Na Mildred, aliyekuja kuona kama wataweza, aliinama mbele na kushika tumbo, kilemba kikamlegea, akacheka kwa ile sauti yake inayofika barabarani, na machozi yalipomtoka hakuyafuta.

*

Watu walipotoka, Kagiri alimhesabia Muia mia nane palepale kwenye mlango.

"Buda, kuja na bibi kila wikendi. Hii itakuwa moto."

"Hiyo ni yake," Syokau alisema. "Na yangu?"

"Si ulikuwa unasaidia bwana yako tu, mathe?"

"Sawa. Wiki ijayo wewe umsaidie. Utakuwa bosi, ataleta na sari."

Watu waliokuwa karibu walicheka. Kagiri alitazama umati uliotoka, akafanya hesabu yake kimyakimya, akatoa mia nane nyingine. Syokau aliikunja akaiweka kifuani bila kumpa Muia hata nafasi ya kuitazama.

Mildred alikuwa anawangoja kwenye ukuta wa kioski, kilemba kimefungwa upya. Muia alibaki nyuma kidogo.

"Kesho saa mbili," Mildred alimwambia Syokau. "Umekosa siku mbili na sketi ziko nyuma."

"Asante, Madam."

"Usinishukuru, bado nimeumia." Alirekebisha mkoba begani. "Hukusema ile ya simu."

"Hapana, Madam."

"Niliona." Akamgeukia Muia. "Na wewe, usiwahi kushika mashini yangu tena."

Jumatatu, kabla ya saa nne, mama mmoja mteja aliyekuja kuchukua sketi ya mwanawe aliuliza kwa tabasamu la pembeni mzee ameshindaje huko Qatar. Cherehani zilipunguza mwendo. Mildred alikunja sketi mara mbili, akaitia kwenye karatasi.

"Hakuna mzee Qatar," alisema. "Ako Kayole, ana familia. Sketi ni mia tisa."

Mama yule alilipa mia tisa bila kuomba kupunguziwa.

Jioni hiyo, jua halijazama bado, Syokau alifika nyumbani akakuta Muia amewasha jiko na anasonga ugali, na Kasiva anaandika kazi ya shule kitandani. Aliweka mkoba chini. Muia hakugeuka.

"Siku yako ilikuwa aje?" aliuliza.

Syokau alisimama pale. Muia aliendelea kusonga, kisha alipunguza moto, akageuka, mwiko mkononi.

"Si ya banda," alisema. "Ni mimi nataka kujua."

Syokau alimtazama muda mrefu, kama mtu anayepima kitambaa kabla ya kukata. Kisha alisukuma mlango ukafungika, akavuta kigoda karibu na jiko, akaketi, akaanza kumwambia.